Kuishi Gesti kwa Miezi Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Haki Zako

Tanga ni mji wa waja leo, waondoka leo, lakini wengi wanaokuja kwa siku tatu hujikuta wamemaliza msimu mzima. Yupo fundi anayesubiri kazi ya bomba la mafuta Chongoleani. Yupo dada anayemuuguza mama yake hospitali ya Bombo, mtumishi aliyehamishiwa Jijini na bado hajapata nyumba, na mwanamke aliyetoka kwenye ndoa usiku na begi moja. Wapo pia vijana waliotakiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakaona heri walipe kwa siku. Wanalala kwenye gesti za Ngamiani, Chumbageni, Makorora au karibu na stendi ya Kange, na wengi wao wanaamini hawana haki yoyote kwa kuwa "ni wageni tu". Si kweli, na imani hiyo inawagharimu.

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na nyumba.

Nimekaa gesti miezi minne. Mimi ni mgeni au mpangaji?

Hili ndilo swali mama, na mengine mengi yanalitegemea. Sheria yetu haijaweka idadi ya siku za kumgeuza mgeni kuwa mpangaji. Kinachotazamwa ni jinsi mnavyoishi na mlivyokubaliana.

Jiulize: nalipa kwa siku au kwa mwezi? Chumba ni changu peke yangu, au meneja anaweza kunihamishia namba nyingine akipata wageni wa harusi? Mhudumu anaingia kila asubuhi kufagia na kubadilisha shuka, au nafanya usafi mwenyewe? Napika humo, nimeweka godoro langu, nina kwingine pa kuishi? Anayelipa kwa mwezi, anayekaa na ufunguo wake na asiyefanyiwa huduma za hoteli anasogea upande wa upangaji. Anayelipa kwa usiku na kutandikiwa kitanda anabaki mgeni hata akimaliza mwaka.

Kipimo hiki kimeelezwa vizuri kwenye kesi ya Uingereza ya mwaka 1985, Street dhidi ya Mountford. Ilisemwa humo kwamba anayemiliki chumba peke yake, kwa malipo na kwa kipindi fulani, kwa kawaida ni mpangaji hata karatasi ikimwita jina jingine. Lakini ikiwa mwenye nyumba anatoa huduma zinazomlazimu kuingia chumbani wakati wowote, huyo ni mlalaji tu. Mahakama zetu hazifungwi na kesi hiyo, ila hoja za namna hiyo husikilizwa.

Kama ni mpangaji, unalindwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, sehemu ya upangaji. Kama ni mgeni, unalindwa na Sheria ya Mikataba, na ulinzi wake ni mwembamba zaidi. Ni mwembamba, lakini upo.

Nimeona kwenye grupu la WhatsApp kwamba ukimaliza siku 30 unakuwa mpangaji moja kwa moja. Ni kweli?

Ni kweli Marekani, kwenye baadhi ya majimbo. Huko New York, mkazi wa chumba cha hoteli aliyekaa siku 30 mfululizo, asiye mpita njia, huhesabiwa mpangaji, na mwenye hoteli hawezi kumtoa bila kwenda mahakamani. California nayo hutumia mpaka wa siku 30. Wenye moteli wa huko walizoea kuwatoa watu siku chache kabla ya mwezi kutimia kisha kuwarudisha, na sheria ikaja kukataza mchezo huo.

Hapa kwetu hakuna kifungu cha namna hiyo. Ukisimama mapokezi ukadai haki ya siku 30, utachekwa, na hoja zako nyingine nzuri zitapuuzwa pamoja na hiyo.

Nimerudi jioni nikakuta kufuli jipya mlangoni. Nifanye nini?

Usivunje. Najua inavyouma: kufuli linang'aa juu ya komeo la zamani, na nyuma yake kuna nguo za kazi, dawa, kadi ya kliniki ya mtoto na jiko la gesi. Lakini ukivunja, aliyekukosea anageuka mlalamikaji na wewe unalala kituoni.

Piga picha ya kufuli na namba ya chumba. Mwite mtu wa tatu ashuhudie, na mtu mzuri kuliko wote ni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Mbele yake, muulize meneja kwa sauti ya kawaida: nadaiwa kiasi gani, na nimelipia mpaka lini? Jibu analolitoa mbele ya shahidi lina thamani kubwa baadaye. Kisha omba vitu usivyoweza kulala bila kuwa navyo, yaani dawa, vitambulisho, vitu vya mtoto na zana za kazi.

Sasa haki zenyewe. Ikiwa ulilipia mpaka Ijumaa na leo ni Jumatano, mgeni au mpangaji, siku hizo ni zako. Kukufungia nje ni kuvunja mkataba, na unaweza kudai pesa yako pamoja na gharama za kulala kwingine. Ikiwa wewe ni mpangaji na kodi imechelewa, bado mwenye nyumba anatakiwa akupe notisi kwanza. Sheria ya Ardhi inamtaka akuache ukae kwa utulivu kwa muda wa upangaji wako, na mpangaji aliyetolewa isivyo halali hadaiwi kodi ya siku zinazofuata. Tena Kanuni ya Adhabu inakataza kuingia kwenye nyumba kwa nguvu, kwa vitisho au kwa kukusanya kundi la watu ili kuitwaa, hata kama anayeingia ana haki na nyumba hiyo. Wanaotuma vijana wa mtaani kutoa vyombo nje wajue hilo.

Ikiwa wewe ni mgeni wa kulipa kwa siku na siku zako zimekwisha, meneja anaweza kukataa kukuongezea nyingine. Hapo huna hoja ya kubaki, ila una hoja ya kupewa nafasi ya kuchukua vitu vyako.

Natakiwa kupewa notisi ya muda gani?

Kwa mpangaji asiye na mkataba wenye tarehe ya mwisho, Sheria ya Ardhi inatazama kipindi cha malipo. Ukilipa kwa mwezi, notisi isipungue mwezi. Ukilipa kwa wiki, wiki. Na notisi hiyo inaishia siku ya malipo, si katikati. Ndiyo maana nasema na kurudia: ukijua utakaa muda mrefu, hama kutoka malipo ya siku kwenda malipo ya mwezi. Hata bei ikibaki ile ile mara thelathini, umejinunulia notisi.

Kwa mgeni, kipimo ni notisi ya kiasi kinachofaa. Mwaka 1897 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya bibi mmoja aliyekaa kwenye hoteli ya Brighton kwa miezi kama kumi. Hoteli ilimwambia aondoke, akakataa. Siku moja alipotoka, wakafunga mizigo yake, na aliporudi wakamzuia mlangoni. Mahakama ilisema mtu aliyekaa kiasi hicho si msafiri tena, hivyo hoteli haikuwa na wajibu wa kuendelea kumpokea, mradi ilimpa notisi ya kutosha. Kesi hiyo, Lamond dhidi ya Richard, ina uzito hapa kwa sababu sheria zetu zilipokea kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Inakata pande zote mbili: kukaa sana kunaweza kukupotezea haki za msafiri bila kukupa za mpangaji. Lakini kutupwa nje saa nne usiku bila neno lolote hakuna hata huko.

Wanashikilia mizigo yangu mpaka nilipe deni. Wanaruhusiwa?

Kwa kanuni hizo za zamani, mwenye nyumba ya wageni ana haki ya kushikilia mizigo ya msafiri mpaka alipwe chumba na chakula. Haki hiyo haigusi nguo ulizovaa mwilini. Haimpi ruhusa ya kuuza vitu vyako kwa bei anayotaka kwa dalali wa mtaani. Na mtu aliyepangishwa chumba kwa mwezi hayumo kwenye kanuni hiyo, kwa sababu yeye si msafiri.

Kwa vitendo, andikeni orodha. Begi moja jeusi, simu aina fulani, jiko, shuka mbili. Nakala mbili, saini mbili, shahidi mmoja. Kisha lipa hata kidogo na uandikiane na meneja tarehe ya kumalizia. Vitambulisho, dawa na cheti cha mtoto usikubali vibaki: havina bei sokoni, na vikikaa huko vinakuumiza wewe bila kumlipa yeye.

Meneja amenizuia nisitoke ndani mpaka ndugu zangu watume pesa.

Hilo ni kosa la jinai, kumzuia mtu isivyo halali. Piga simu polisi. Deni ni la madai, na mtu hafungiwi chumbani kwa ajili ya deni. Ila aliyeingia akijua hana pesa, akadanganya kwamba mwajiri analipa, anaweza kushtakiwa kwa udanganyifu. Usiseme uongo mapokezi.

Kampuni ndiyo iliyotupangia gesti. Sasa haijalipa na tunatakiwa tuondoke.

Haya yanatokea mno kwenye miji yenye miradi mikubwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda lina urefu wa kilomita 1,443 na linaishia Chongoleani, na kandarasi ndogo ndogo ziko nyingi. Mkandarasi anachukua vyumba kumi kwa maneno, analipa mwezi wa kwanza, kisha simu inazimwa.

Mteja wa gesti hapo ni kampuni. Nyinyi mnalala kwa mgongo wake, kwa hiyo deni la kampuni si lenu isipokuwa mmesaini kwamba mtalilipa. Angalieni saini zenu kwenye daftari la wageni: kuandika jina na namba ya kitambulisho si kuahidi kulipa. Meneja naye ana haki ya kurudishiwa vyumba vyake, naye si adui yenu. Mara nyingi ndiye shahidi wenu bora kwamba kampuni iliwaleta.

Kama kazi imekatizwa na mliajiriwa mkoa mwingine, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awasafirishe ninyi na mizigo yenu mpaka mlikoajiriwa, au awalipe nauli, na awalipe posho ya kujikimu kila siku mpaka usafiri upatikane. Pelekeni shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kupinga kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30, na madai mengine ni ndani ya siku 60. Watu wengi hupoteza haki hii kwa kusubiri ahadi za simu wiki hadi wiki.

Wamepandisha bei ghafla.

Udhibiti wa kodi za nyumba uliondoka mwaka 2005 sheria yake ilipofutwa, kwa hiyo hakuna ofisi itakayokupangia bei. Lakini bei mliyokubaliana kwa kipindi ulichokwisha kulipia haibadiliki katikati. Msimu wa sherehe au mkutano mkubwa si sababu ya kukudai nyongeza ya siku ulizolipia tayari.

Tazama pia risiti yako ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi ya kielektroniki. Malazi ya hoteli iliyosajiliwa hutozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ambayo kiwango chake cha kawaida ni 18%, lakini pango la nyumba ya makazi limesamehewa VAT. Risiti yenye VAT ni dalili kwamba wanakuhesabu mgeni wa hoteli. Ijue kabla hujaanza kujiita mpangaji.

Maji hayatoki wiki ya pili, na godoro lina kunguni.

Kwa mpangaji, Sheria ya Ardhi inamtaka mwenye nyumba ahakikishe chumba kinafaa kuishi binadamu siku ya kwanza na siku zote za upangaji. Kwa mgeni, uliuziwa chumba chenye maji na kitanda safi, na usipokipata unaweza kudai punguzo au pesa yako. Toa taarifa kwa ujumbe wa simu ili ibaki kumbukumbu. Meneja akipuuza, afisa afya wa kata yupo kwa kazi hiyo, na gesti nyingi hurekebisha mambo haraka zikisikia jina lake. Kukata maji au umeme kwa makusudi ili uondoke mwenyewe ni jambo baya zaidi: andika tarehe na saa.

Wahudumu wanaingia chumbani nikiwa kazini. Na polisi je?

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na sioni kwa nini maskani ya mtu anayeishi chumba namba saba iwe na heshima pungufu kuliko ya mwenye geti. Mhudumu anaweza kuingia kwa usafi mliokubaliana, au kwa dharura kama bomba kupasuka. Kupekua begi lako hakumo.

Polisi anayetaka kupekua kwa kawaida anatakiwa kuwa na hati, isipokuwa kwenye mazingira ya dharura. Akichukua kitu, anatakiwa kukupa stakabadhi ya alichochukua. Iombe kwa adabu, usimzuie kwa mwili.

Kuhusu daftari la wageni: gesti inaandika majina na namba za vitambulisho, na ni sawa. Lakini daftari lililoachwa wazi juu ya kaunta, kila anayeingia akasoma nani yuko chumba gani, ni hatari ya kweli kwa mwanamke aliyekimbia kipigo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitunze zisifike kwa wasiohusika. Mwambie meneja tangu siku ya kwanza, waziwazi: mtu yeyote akiniulizia, msiseme nipo.

Simu yangu imeibiwa chumbani, na ukutani kuna bango "Hatuhusiki na upotevu wa mali".

Bango halimalizi mambo yote. Kitu ulichokabidhi mapokezi kinatakiwa kutunzwa kwa uangalifu ambao mtu makini angeutumia kwa mali yake, na bango halifuti wajibu huo. Cha chumbani kinategemea: mlango ulikuwa na kitasa kizima? Nani mwingine ana ufunguo? Toa taarifa polisi siku hiyo hiyo upate namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.

Sina mkataba wala risiti. Nina haki gani ya kusema?

Mkataba wa mdomo ni mkataba, na Sheria ya Ardhi inakubali upangaji wa mwaka mmoja au pungufu uliofanywa kwa maneno. Tatizo ni ushahidi, na ushahidi unao kuliko unavyodhani. Ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money unaonyesha nani alimlipa nani, lini, kiasi gani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu taarifa za namna hiyo kupokelewa mahakamani. Kuanzia leo acha kulipa mkononi, lipa kwa simu, na usifute ujumbe. Ukibadili simu, piga picha kwanza. Jirani wa chumba cha pili ni shahidi. Mama muuza chapati aliyekuona hapo tangu Ramadhani ni shahidi.

Nianzie wapi kudai?

Anza na mwenyekiti wa mtaa. Kesi nyingi za Tanga huishia hapo, kwa mazungumzo ya saa moja.

Ikishindikana, njia zinagawanyika kufuatana na lile swali la kwanza. Ukidai wewe ni mpangaji, shauri ni la ardhi na nyumba: unapita Baraza la Kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, unaweza kuendelea mbele. Ukidai kama mgeni, yaani pesa ulizolipa au mali yako, nenda Mahakama ya Mwanzo. Madai ya mkataba yana miaka 6 kabla ya kufungwa na muda, lakini mashahidi wa gesti huhama haraka kuliko hapo.

Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na msaada wao ni bure. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya Jiji ikuelekeze kwa walio karibu nawe.

Naweza kupata barua ya utambulisho ya mtaa nikiwa naishi gesti?

Jitambulishe kwa mjumbe mapema, siyo siku unayoihitaji barua. Nenda na kitambulisho na ujumbe wa malipo ya miezi iliyopita, na ukiweza nenda na meneja akuthibitishe.

Nataka tuandikiane na gesti. Niandike nini?

Karatasi moja inatosha, mwandikiane wakati mnaelewana bado. Mfano:

"Leo tarehe ___, mimi ___ nimekubaliana na ___, meneja wa ___, kukaa chumba namba ___ kwa malipo ya shilingi ___ kwa mwezi, kuanzia tarehe ___. Bei inajumuisha maji na umeme. Usafi wa ndani nafanya mwenyewe. Mhudumu ataingia nikiwepo. Chumba hakitabadilishwa bila mimi kukubali. Anayetaka kuvunja makubaliano atatoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Malipo yatafanywa kwa namba ya simu ___."

Saini zenu wawili, na ya mjumbe kama shahidi. Meneja akisema hana mamlaka ya kusaini, muulize mwenye gesti ni nani na umpigie kabla hujalipa mwezi wa pili.